Mto wa Mgongoni

Tarehe 9 Mei 1974, mjini Kalemie, Bibiane Ngoy alipewa ruhusa ya kuendesha gari, na kwenye mstari wa kimo karani aliandika kwa wino wa buluu: mita moja na sentimita arobaini na sita.

Jina la Bibiane halimo kwenye karatasi ile. Miaka hiyo serikali ya Zaire ilikuwa imeyaondoa majina ya ubatizo kwenye vitambulisho, kwa hiyo karani aliandika Ngoy Kabezya, akagonga mhuri. Lakini katika materniti, hospitali ya kujifungulia, alikokuwa amefua mashuka kwa miaka sita hakuna aliyemwita Kabezya. Alikuwa Mama Bibiane, na tangu siku ile akawa Mama Shofere.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mjane, mzaliwa wa Kabalo, binti wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa na mabinti wawili. Dereva mmoja wa materniti alipoacha kazi akaenda kutafuta maisha kwenye migodi ya kusini, mkuu aliwakusanya wafanyakazi uani akauliza nani yuko tayari kujifunza. Wanaume wawili waliokuwapo walikuwa bawabu mwenye kengeza na mpishi. Bibiane alinyanyua mkono uliochubuliwa na sabuni. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mkono haukushuka.

Kazi ya udereva ilikuja na nyumba. Vyumba viwili vya matofali ndani ya ua, ili dereva apatikane saa yoyote mtu akija kuita. Mfuaji alijitafutia pa kulala mwenyewe. Kwa Bibiane usukani ule haukuwa sifa tu, ulikuwa paa juu ya watu watatu.

Aliyemfundisha ni Papa Isidore, shofere mstaafu aliyekuwa amewaendesha wakubwa wa reli tangu enzi za Wabelgiji. Siku ya kwanza alimkalisha kwenye jipu ya materniti, gari aina ya jeep la kubebea wagonjwa, akasimama nje, mikono nyuma.

“Unaona nini?”

“Naona usukani, Papa.”

“Na mbele ya usukani?”

“Mbingu.”

“Basi tutagonga malaika. Shuka.”

Hakumruhusu kuwasha injini kwa siku tatu. Siku tatu hizo zilikuwa za kukaa tu. Kwanza makalio, alisema, halafu miguu, halafu mikono, na macho mwishoni. Makalio yaingie mpaka ndani kabisa, mgongo uegemee, kwa sababu mtu anayekaa ukingoni mwa kiti hana kitu cha kumshika gari likiruka. Kisha alimwamuru akanyage breki mpaka chini kabisa na kuishikilia hapo, akapiga goti lake kwa ncha ya fimbo.

“Limenyooka hili. Ukigonga kitu goti limenyooka, mufupa wa paja unapanda mpaka nyongani. Sogea mbele. Freni ikifika mwisho, goti libaki limekunjika kidogo, kama muntu anayetaka kupiga magoti lakini hajaamua.”

Akasogeza kiti kwenye reli zake, tundu moja, matundu mawili. Bibiane akajikuta kifua kiko karibu na usukani. Papa Isidore akaingiza mkono katikati, akapima kwa shubiri moja na vidole vinne, akarudisha kiti tundu moja nyuma. Alimfanya anyooshe mkono juu ya usukani, kifundo kiguse juu bila mgongo kuondoka kwenye kiti. Mwisho ndipo alipozungumzia macho. Kwa macho alihitaji mto wa kukalia.

Bibiane alikuja na mto wa sufi, wa kulalia. Mzee aliubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama.

“Huu ni wa ndoto. Ukipiga freni kwa nguvu, mwili unazama, na freni inabaki kule. Leta kitu kigumu.”

Akaenda akashona gunia la katani, akalishindilia vitambaa vya mashuka yaliyochakaa mpaka likawa gumu kama mkate wa juzi, akaweka kipande cha ubao chini yake. Alipokaa juu yake aliiona barabara kuanzia hatua chache mbele ya boneti. Papa Isidore aliridhika, ila kuridhika kwake kulionekana tu katika kuacha kusema.

Kwa miaka mitatu hakuna kilichohitaji kuongezwa. Zamu zilikuwa mbili. Félicien, dereva wa kwanza, alikuwa na urefu wa mita moja na sentimita themanini na mbili na mazoea ya kuimba nyimbo za kanisani kwenye kona. Akishuka yeye, Bibiane anavuta kiti mbele na kuweka mto. Akishuka Bibiane, Félicien anasukuma kiti nyuma na kuutupa mto kwenye benchi. Kila mmoja alimtania mwenzake. Félicien alisema gari lilikuwa likijikunja kama mbwa kila akilirudia. Bibiane alisema alikuta magoti ya Félicien yameacha alama kwenye dari.

Mwaka 1977 reli za kiti zililika. Félicien alikuwa akipanda mlima, kiti kikateleza nyuma mpaka mwisho, na kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu alishika usukani kama mtu anayening'inia. Hakuna aliyeumia. Kipuri hakikupatikana Kalemie, wala Lubumbashi, wala ng'ambo kule Kigoma kwa mfanyabiashara aliyeulizwa. Casimir, fundi mkuu wa garaji ndogo ya materniti, alifanya alichoweza. Alisukuma kiti mahali pa Félicien, akavaa miwani yake myeusi, akakichomelea.

Bibiane alifika chuma kikiwa bado cha moto.

“Papa Casimir, umekichomelea wapi?”

“Mahali pake.”

“Mahali pa nani?”

“Mama, kiti kinachotembea kinaua. Sasa hakitembei tena.”

“Ungechomelea katikati.”

“Katikati Félicien ataendesha magoti yakiwa masikioni. Yeye njo shofere wa kwanza. Wewe ni mudogo, mudogo anaongezwa. Murefu tutamukata wapi?”

Mafundi wakacheka. Casimir hakuwa mtu mbaya, na alichosema kuhusu kiti kinachotembea kilikuwa kweli. Bibiane alikwenda kwenye biro, yaani ofisi ya msimamizi, Pontien, akaomba kiti kikatwe na kuchomelewa upya. Pontien aliandika ombi lake kwenye daftari. Aliliomba tena mwaka uliofuata, na likaandikwa tena.

Alikwenda kwa Papa Isidore. Mzee wakati huo alikuwa haamki kitandani, miguu imevimba. Alisikiliza habari yote amefumba macho.

“Shona wa pili. Wa mgongoni. Mugumu kuliko wa kwanza, unene wa kukufikisha. Na uwe na kamba nne, uufunge kwenye kiti. Mto usiofungwa ni abiria.”

“Ndiyo, Papa.”

“Sikiliza vizuri. Sasa mito miwili inashikana. Wa chini unakuinua, na ukikuinua unakuondolea freni. Wa mgongoni njo unakurudishia. Siku mmojawapo haupo, wewe si shofere. Ni mama aliyekaa ndani ya gari. Unashuka.”

Mto wa mgongoni ulipokamilika ulikuwa na unene wa sentimita kumi na tatu. Ulikuwa umevikwa kitambaa cha kijani chenye maua meupe, masalio ya kikwembe cha binti yake. Papa Isidore alifariki mwezi uliofuata. Kwa miaka miwili Bibiane alifunga kamba nne kila alfajiri ya zamu yake, akakanyaga breki mpaka chini, akaangalia goti, na kuondoka.

Jumatano tarehe 14 Novemba 1979, lori la saruji lilileta ujumbe kutoka Kabimba kwamba kuna mwanamke ambaye uchungu ulimwanza tangu juzi na mtoto hashuki. Ilikuwa zamu ya Bibiane. Alitoka asubuhi, akafika karibu saa tano. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na ziwa lilikuwa na rangi ya majivu.

Mgonjwa aliitwa Marceline, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa kwenye kambi ya uvuvi mbali na pale. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Mama Constance, mwanamke mkavu wa miaka sitini hivi, aliyetembea kandokando ya machela ya miti akimfukuzia nzi kwa jani la mgomba. Turubai la machela ya ambulansi lilikuwa limechanika, limepelekwa kushonwa. Wakamlaza Marceline sakafuni kwenye mkeka. Chini ya mkeka kulikuwa na bati lenye matuta.

Kilomita za kwanza Marceline hakusema. Kisha kila shimo la barabara lilianza kumtoa sauti. Bibiane alisimama, akavua kitambaa cha kichwa akakitoa. Akasimama tena, akatoa kikwembe chake cha juu, akabaki na cha ndani. Mama Constance alivikunja vyote chini ya kiuno cha mkwewe. Havikutosha.

“Mama,” Marceline alisema. “Mgongo. Mgongo unakatika.”

Mama Constance aliangalia huku na huku ndani ya gari tupu. Kisha akaangalia mbele.

“Mama Shofere. Huo uliouegemea.”

Bibiane alimtazama kwenye kioo. “Huu ni wa kuendeshea, Mama.”

“Ni mto.”

“Ni mgumu. Hautamsaidia.”

“Bati ni gumu kuliko mto. Ameomba. Umesikia mwenyewe ameomba.”

Katika vijiji vya pwani ile kuna neno ambalo kila mwanamke hulijua kabla hajaolewa: anayejifungua hanyimwi. Akiomba maji anapewa, akiomba udongo wa kulamba anapewa, na kama kitu kiko mkononi mwako ukamnyima, likitokea lolote kwa mtoto, ni mkono wako uliomfungia njia. Bibiane alikuwa amezaa mara mbili na kufua damu ya wengine kwa miaka sita. Hakuwahi kuona mtu akimnyima mwanamke aliye katika hali ile.

Maneno ya Papa Isidore aliyakumbuka. Aliyakumbuka neno kwa neno, hata sauti. Lakini kushuka maana yake ni kumwacha Marceline porini akisubiri gari jingine, na gari jingine lingeweza kuwa kesho. Kumnyima, halafu mtoto afe? Alihesabu njia iliyobaki. Ilikuwa kama saa moja na nusu. Alijiambia ataendesha polepole, gia ya pili kwenye miteremko, hataihitaji breki sana. Akasimamisha gari, akafungua kamba nne. Fundo la chini lilikuwa limekaza kwa unyevu, akalifungua kwa meno.

Mama Constance aliupokea mto kwa mikono miwili. “Mungu akuongezee,” alisema.

Mto wa chini aliubakiza. Akiutoa, haoni barabara. Akiubakiza bila ule wa mgongoni, visigino havigusi sakafu na breki anaifikia kwa vidole. Alisogea mpaka ukingoni mwa kiti, kifua kikikaribia kuugusa usukani, mgongo hauna kitu. Alijaribu breki papo hapo, gari likiwa limesimama. Ilishuka robo tatu ya njia, ikakoma pale mguu wake ulipokoma. Akawasha gari.

Kwa nusu saa mpango wake ulifanya kazi. Marceline alitulia kidogo. Mama Constance alianza kumsimulia habari za mumewe alipokuwa mtoto, jinsi alivyoiba dagaa waliokuwa juani akalala nao kitandani, na Bibiane alimsikia Marceline akicheka, kicheko kifupi kilichokatizwa na uchungu.

Mteremko ulioelekea kwenye daraja la kijito ulikuwa na utelezi. Chini, juu ya magogo ya daraja, lilikuwa limesimama lori la saruji lenye ekseli iliyovunjika. Dereva wake alikuwa mtu mwenye adabu ya barabara. Alikuwa amekata matawi mabichi na kuyatandaza njiani kuonya wanaokuja, umbali wa hatua mia moja na ishirini kutoka lori. Ripoti ya ajali inautaja umbali huo, kwa sababu polisi waliupima. Inasema pia kwamba breki za jipu zilijaribiwa baadaye na zilikuwa nzima. Hatua mia moja na ishirini zilitosha kusimamisha gari lile kwenye matope yale, kwa mtu ambaye mguu wake unafika.

Bibiane aliyaona matawi kwa wakati. Alikanyaga. Breki ilishika, lakini haikushika yote, na gari likaendelea kushuka kwa mwendo uleule wa ukaidi. Alikanyaga tena, akanyoosha mguu wote, akateleza kutoka ukingoni mwa kiti ili asimame juu ya pedali kwa uzito wake. Uzito wake ulifika kwenye breki. Macho yake yalishuka chini ya usukani. Akaona dashibodi, na juu yake mbingu.

Magurudumu yakakaza, mkia wa gari ukapinda. Jipu ilitoka barabarani upande wa kulia, ikapiga ukingo wa udongo kwa ubavu, ikalala ikiegemea hapo bila kupinduka. Kelele haikuwa kubwa. Watu wa lori walisema baadaye walidhani ni gunia limeanguka.

Nyuma, Marceline alikuwa amerushwa kwenye benchi la chuma, tumbo kwanza.

Mtoto alizaliwa pale pale, saa nane mchana, kando ya kijito, mikononi mwa Mama Constance, wanaume wa lori wamegeuka kuangalia upande mwingine na kushikilia turubai juu. Alikuwa wa kiume, na alilia. Damu ya Marceline haikukatika. Bibiane alibonyeza tumbo lake kwa ngumi mbili kama alivyoona wakunga wakifanya, akabonyeza mpaka mikono ikafa ganzi, paji lake la uso likiwa limepasuka na damu ikimtiririkia machoni. Saa tisa na robo Mama Constance alimshika kifundo.

“Acha, Mama. Unambonyeza mutu aliyekwisha kwenda.”

Ndugu za Marceline walikuja kutoka Ankoro kwa mazishi, kaka watatu. Mke anapofia mikononi mwa watu wa mumewe, watu wake wana haki ya kuuliza, na maswali yao ni matatu: aliomba nini, nani alimpa, kilitoka wapi. Jibu likionyesha kwamba kilichotolewa ndicho kilicholeta kifo, mtu wa mumewe aliyekitafuta akampa ameua, na hakuna wa kumtetea. Mama Constance aliulizwa mbele ya watu wote, ameketi chini, mtoto mapajani. Alisema Marceline aliomba maji, akampa, yalitoka kwenye chupa yake. Aliomba nguo ya kulalia, akapewa, ilitoka kwa shofere. Kaka mkubwa aliuliza kama kuna kingine. Alisema hakuna. Kaka yule alisema watasubiri uchunguzi wa materniti, wasikie utasema nini.

Hayo Bibiane aliyasikia kwa wafuaji, kabla bandeji haijatolewa kwenye paji la uso.

Casimir ndiye aliyeivuta jipu mpaka mjini. Siku ya nne alifika nyumbani kwa Bibiane, akasimama mlangoni na kifurushi cha gazeti. Hakukaa alipoambiwa akae. Alifungua gazeti. Mto ulikuwa umefuliwa, lakini maua meupe yalikuwa yamebaki na rangi ya kutu.

“Niliukuta nyuma. Chini ya mkeka.”

“Weka pale.”

Akauweka. “Mke wangu njo ameufua. Sikumwambia umetoka wapi.”

“Asante, Papa.”

“Mama Bibiane, watakuuliza.” Alikuwa akizungusha kofia yake mikononi. “Ukisema ulimpa mugonjwa, hakuna atakayekufukuza. Nani atakufukuza? Ulimpa mwanamke anayejifungua.”

“Na baadaye?”

“Baadaye nini?”

“Baadaye watauliza ni nani aliyeuomba. Marceline alisema mgongo unauma. Aliyesema mto ni mama mkwe.”

Casimir aliacha kuizungusha kofia.

“Na watauliza jingine,” Bibiane alisema. “Watauliza kwa nini shofere wa gari lenye kiti cha kusogea kwenye reli anahitaji mto wa mgongoni.”

“Nimekwisha kuliwaza hilo,” Casimir alisema kwa sauti ndogo. “Siku nne sijalala.”

“Lala. Sitasema. Lakini usinishukuru, si kwa ajili yako.”

Alikuwa na watoto watano, Casimir. Akavaa kofia, akaondoka akikanyaga kwa uangalifu, kana kwamba ndani kulikuwa na mgonjwa.

Jioni ile binti mkubwa aliuliza kama watahama. Bibiane alimwambia aendelee kuchambua mchele.

Uchunguzi ulifanyika Jumanne tarehe 27 Novemba katika biro ya Pontien. Madirisha yalikuwa wazi na mvua ilisikika. Upande mmoja walikaa kaka watatu wa Marceline, mashati yamefungwa mpaka shingoni. Upande wa pili Mama Constance, kitambaa cheusi kichwani, na mtoto. Casimir alisimama ukutani. Pontien alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, na alikuwa amesoma daftari lake mwenyewe usiku uliotangulia. Aliona maombi mawili aliyoyaandika na kuyaacha. Hakuyataja.

“Sitwayeni Ngoy,” alisema, akimwita raia kama serikali ilivyoagiza, “polisi wanasema gari lilikuwa zima. Barabara ilikuwa na alama. Uliziona?”

“Niliziona.”

“Ulikanyaga freni?”

“Nilikanyaga. Sikufika.”

“Kila siku unafika. Una mito miwili, kila muntu hapa anaijua. Polisi waliandika kwamba kwenye kiti kulikuwa na mmoja. Wa mgongoni ulikuwa wapi?”

Mama Constance aliinua kichwa. Hakuwa amelia mbele ya watu tangu mazishi, na hakulia sasa. Lakini alimtazama Bibiane moja kwa moja, na midomo yake ikaanza kwenda. Alikuwa anakwenda kusema. Bibiane aliliona hilo waziwazi, kama alivyoyaona matawi, kwa wakati.

“Mama,” Bibiane alisema haraka, “mutoto anateleza. Mushike vizuri.”

Mwanamke mzee alitazama chini. Mtoto hakuwa akiteleza. Akamshika.

“Niliusahau nyumbani,” Bibiane alimwambia Pontien. “Nilitoka haraka. Niliona njiani kwamba haupo, nikaendelea.”

“Ulijua huwezi kusimamisha gari, ukaendelea?”

“Ndiyo.”

Kaka mkubwa alitaka maneno hayo yarudiwe. Karani aliyarudia. Kaka alimtazama Mama Constance kwa muda mrefu, kisha mtoto, kisha Bibiane.

“Basi ni huyu,” alisema. “Mufupi kama kinu, na mukamupatia gari.”

Hakuna aliyecheka. Casimir alikuwa akitazama viatu vyake.

Pontien aliandika kwa dakika kadhaa. Alipomaliza alisoma kwa sauti ya biro. Dereva alikuwa na kosa la uzembe. Kwa kuwa amekiri na ametumikia miaka kumi na moja, hatafukuzwa, bali ataondolewa kwenye usukani na kurudi kwenye kazi yake ya awali. Nyumba ya dereva iachwe wazi kabla ya mwisho wa mwezi. Akauliza kama kuna mwenye la kusema.

Mama Constance alisimama. Magoti yake yalipiga kelele. Alivuka chumba mpaka mbele ya Bibiane, na kaka watatu wakasogea kwenye viti vyao, wakidhani anakwenda kumpiga. Hakumpiga. Alimwekea mtoto mapajani, akajifunga upya kikwembe chake, jambo ambalo halikuhitaji mikono miwili wala muda mrefu kiasi kile. Kisha akamchukua mtoto na kutoka nje kwenye mvua.

Siku tatu baadaye Bibiane na mabinti zake walihamia chumba cha nyuma kwa mjane mmoja karibu na soko. Mto wa mgongoni aliuchana, akatoa vitambaa vilivyomo, akavirudisha kwenye kapu la materniti, kwa kuwa vilikuwa vya mashuka ya materniti. Gunia la katani alilifanya la kufutia miguu mlangoni. Kwenye karatasi yake ya ruhusa hakuna aliyegonga mhuri wa kuifuta, na aliiweka ndani ya kitabu cha sala.

Jipu ilipotengenezwa ubavu, Casimir aliitazama kwa siku mbili. Halafu alichukua tindo na nyundo, akakata alichokuwa amekichomelea, akaziba reli zilizolika kwa vipande vya chuma alivyovichonga mwenyewe kwa tupa, akatoboa matundu mapya, na kutengeneza pini ya kukifunga kiti pale mtu anapotaka. Kazi ile ilimchukua alasiri moja. Félicien alipoingia alikisukuma kiti mpaka nyuma kabisa, akasema pini ni nzuri lakini yeye hana haja nayo.

Jumatatu tarehe 3 Desemba 1979, saa moja asubuhi, Félicien aliendesha gari kwenda Kabimba, na Bibiane akaanza kazi kwenye karo la kufulia.